Marekani: Je, mwanafunzi aendelee na lugha ya kigeni kabla ya kuomba chuo?

Kila mwaka, majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, shule nyingi za sekondari nchini Marekani huwapa wanafunzi fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Kwa mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili ya Kifaransa au Kihispania, fomu hiyo ina nafasi moja inayozua mjadala nyumbani: aendelee na lugha, au nafasi hiyo ipewe somo jingine?

Mjadala huo unazigusa kwa namna ya pekee familia zinazozungumza Kiswahili. Kwa miaka kadhaa iliyopita, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopewa makazi mapya Marekani. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, walipokewa Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 na kuishi makambini kwa miongo mingi. Leo watoto wa familia hizo wako madarasani Texas, Kentucky, Ohio, Arizona na kwingineko. Wengi wao walijua lugha mbili au tatu kabla ya kujifunza Kiingereza, lakini katika kumbukumbu za shule huweza kuonekana kama watu wasiojua lugha yoyote ya kigeni.

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba miaka miwili inatosha. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Miaka miwili hufungua lango la vyuo vingi; haisemi mwanafunzi atakutana na nini akishaingia, wala haisemi ni nani atakayelipia somo lililoachwa njiani.

Sharti na pendekezo ni vitu viwili

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa, wala haina mtihani mmoja wa kumaliza sekondari kama ule wa kidato cha nne nchini Tanzania au mtihani wa taifa wa Kongo. Kila jimbo hupanga masharti yake ya kuhitimu, na kila chuo hupanga masharti yake ya kupokea wanafunzi. Ndiyo maana ushauri uliomfaa kijana wa Dallas huenda usimfae binamu yake aliyeko Buffalo.

Katika jimbo la Texas, mwanafunzi anahitaji krediti 2 za lugha moja isiyo Kiingereza ili ahitimu, na kanuni za jimbo zinaruhusu hata lugha za programu za kompyuta zihesabiwe mahali pake. New York hudai krediti 1 kwa cheti cha kawaida, ilhali cheti cha Regents cha daraja la juu kwa kawaida huhitaji krediti 3. Yako pia majimbo yasiyodai somo la lugha kabisa ili mtu ahitimu.

Kuhitimu sekondari, hata hivyo, si sawa na kustahili kuomba chuo. Chuo kikuu cha umma cha University of California, chenye kampasi kadhaa katika jimbo hilo, huwataka waombaji wawe wamesoma masomo 15 ya mwaka mzima, na 11 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza. Katika orodha hiyo, lugha isiyo Kiingereza inachukua miaka 2. Lakini orodha hiyohiyo inapendekeza miaka 3. Chuo cha MIT, kinachosifika kwa sayansi na uhandisi, hupendekeza miaka 2. Harvard, kinapoeleza maandalizi yaliyo bora kwa mwombaji, hutaja miaka 4 ya lugha moja.

Neno "moja" lina uzito wake. Miaka miwili ya Kihispania ikifuatiwa na miaka miwili ya Kifaransa hufanya jumla ya miaka minne darasani, lakini humwacha mwanafunzi kwenye hatua za mwanzo za lugha mbili. Vyuo vinavyotoa mapendekezo ya aina hii vinatafuta ushahidi kwamba mwombaji aliweza kubaki na jambo gumu hadi likazaa matunda.

Ni haki pia kusema kwamba vyuo haviwahukumu waombaji wote kwa kipimo kimoja. Nakala ya matokeo husomwa pamoja na maelezo ya shule yenyewe. Iwapo shule inafundisha ngazi mbili tu za Kifaransa, mwanafunzi hatarajiwi kuwa na ngazi ya nne. Swali litakaloulizwa ni kama alitumia vema nafasi zilizokuwapo.

Gharama inayojitokeza baadaye

Mwanafunzi akiacha lugha mwishoni mwa darasa la 10, huingia chuoni zaidi ya miaka miwili baadaye. Katika kipindi hicho msamiati hupotea, ulimi huwa mzito, na sarufi iliyokuwa imeanza kukaa husahaulika. Wengi hutambua hasara hiyo siku wanapofanya mtihani wa kuwapanga kwenye ngazi za masomo, ambao vyuo huutoa kabla ya muhula wa kwanza kuanza.

Hapo ndipo sharti la pili hujitokeza. Mbali na masharti ya kuingia, vyuo vingi vina masharti ya kutoka, yaani mambo ambayo mwanafunzi lazima ayatimize ili apewe shahada. Chuo cha Yale humtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome lugha ya kigeni, na idadi ya mihula hupungua kadiri kiwango alichokuja nacho kinavyokuwa juu. Princeton hudai ujuzi wa lugha kwa wanaosomea shahada ya sanaa, lakini hakiudai kwa wanaosomea shahada ya uhandisi.

Maana yake ni nyepesi kueleweka. Mwanafunzi aliyebaki na lugha hadi darasa la 12 anaweza kufika chuoni akaruka muhula mmoja, miwili au hata mitatu. Aliyeiacha huenda akaanza tena na salamu na nambari, safari hii akilipa ada ya chuo kwa somo ambalo shule ya umma ilimfundisha bure. Kwa familia inayosomesha kwa mkopo, tofauti hiyo si ndogo.

Ipo pia mitihani ya AP, inayofanywa sekondari na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa alama ya 3 au zaidi, ingawa baadhi hudai 4 au 5. Kwa upande wa lugha, mitihani hiyo iko katika Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani, Kijerumani na Kilatini. Mwanafunzi hawezi kuufikia mtihani huo kwa urahisi ikiwa aliacha lugha baada ya mwaka wa pili. Zamani ilikuwapo njia nyingine, mitihani ya SAT ya masomo mahususi, lakini ilifutwa mwaka 2021.

Baadhi ya vijana husema wataanza upya wakiwa chuoni. Wazo hilo lina hatari yake. Takwimu za jumuiya ya wataalamu wa lugha, Modern Language Association, zinaonyesha kwamba idadi ya wanaosoma lugha za kigeni katika vyuo vya Marekani ilishuka kwa asilimia 16.6 kati ya mwaka 2016 na 2021. Wanafunzi wakipungua, madarasa hufungwa. Mwaka 2023, West Virginia University, chuo kikuu kikubwa cha umma cha jimbo hilo, kiliamua kuzifuta programu zake za shahada za lugha za kigeni. Somo lililopo leo katika shule ya jirani huenda lisiwepo kesho katika chuo cha mbali.

Wakati ambapo kuacha ni uamuzi wa busara

Pamoja na hayo, zipo sababu za haki za kuacha. Ya kwanza ni mgongano wa ratiba. Kijana anayekusudia kusomea uhandisi, uuguzi au sayansi ya kompyuta huhitaji hisabati ya juu, kemia na fizikia. Ikiwa mwaka wa nne wa lugha utamnyima hisabati hizo, basi lugha ndiyo ya kuachwa, mradi sharti la miaka miwili limetimizwa na chuo anachokilenga hakidai zaidi.

Sababu ya pili ni Kiingereza chenyewe. Mwanafunzi aliyefika Marekani akiwa na miaka 15 ana muda mfupi wa kujenga uwezo wa kusoma na kuandika kitaaluma. Madarasa ya ziada ya Kiingereza huchukua nafasi kwenye ratiba, na hakuna lugha ya tatu inayoweza kufidia udhaifu katika lugha ya kufundishia.

Sababu ya tatu ni alama. Mwanafunzi anayefeli mfululizo huharibu wastani wake. Lakini kabla ya kuacha, kuna kanuni moja inayofaa kujulikana. Katika masharti ya University of California, alama ya C au zaidi katika ngazi ya juu ya lugha huhalalisha ngazi za chini yake. Kijana aliyeanguka katika mwaka wa kwanza wa Kifaransa, kisha akapata C katika mwaka wa pili, huhesabiwa kuwa ametimiza yote mawili. Kwa mtu wa namna hiyo, kuendelea ndiyo njia ya kujinasua.

Uchovu peke yake, au kwa kuwa rafiki ameacha, si miongoni mwa sababu hizo. Wala si busara kubadilisha lugha katika mwaka wa tatu kwa kutafuta darasa jepesi.

Anayeijua lugha tayari

Kwa wasemaji wa Kiswahili, swali kubwa zaidi huja kabla ya lile la kuendelea au kuacha: je, lugha anayoijua mtoto imeandikwa popote?

Watoto wa Kikongo waliosoma katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, walifuata mtaala wa Kongo, ambao lugha yake ya kufundishia katika madarasa ya juu ni Kifaransa. Warundi waliokuwa kambini nao walifuata mtaala wa kwao, ambamo Kifaransa kina nafasi kubwa. Mtoto wa namna hiyo akifika Marekani hupelekwa kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni, kisha hupangiwa Kihispania cha kwanza kwa sababu darasa hilo lina nafasi. Kihispania ni lugha yenye manufaa makubwa Marekani, na hakuna ubaya kuisoma. Hasara iko kwingine: miaka mitano au sita ya Kifaransa hubaki bila kuhesabiwa, na mwanafunzi aliyestahili kuanza ngazi ya tatu huanza na sifuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na lugha nayo ni mali.

Njia za kuiandika mali hiyo zipo. University of California hukubali kwamba sharti la lugha linaweza kutimizwa kwa njia nyingine zaidi ya kukaa darasani: kwa mtihani, au kwa ushahidi wa masomo yaliyofanyika katika shule ambayo haikufundisha kwa Kiingereza. Texas ina utaratibu wa kupata krediti kwa kufanya mtihani. Kwa hiyo ripoti za shule za Nyarugusu, Bukavu, Uvira au Bujumbura, hata zikiwa zimechakaa, zinafaa kutunzwa, kutafsiriwa na kuwasilishwa kwa mshauri wa masomo mapema.

Kwa Kiswahili chenyewe, mtihani wa AP haupo. Hata hivyo taasisi ya ACTFL ina mtihani wa kuzungumza Kiswahili, na kampuni ya Avant ina mtihani wa kuandika na kuzungumza. Matokeo ya mitihani ya aina hii ndiyo hutumiwa na shule nyingi katika kutoa kile kinachoitwa muhuri wa ujuzi wa lugha mbili, alama maalumu inayowekwa kwenye cheti au nakala ya matokeo ya mhitimu aliyethibitisha kwamba anamudu Kiingereza na lugha nyingine. California ilikuwa jimbo la kwanza kuupitisha kisheria, mwaka 2011, na majimbo mengi yamefuata.

Katika baadhi ya majimbo, muhuri huo ni zaidi ya pambo. Minnesota, kwa mfano, inavitaka vyuo vya mfumo wa Minnesota State kumpa krediti mhitimu mwenye muhuri: mihula mitatu ya lugha kwa muhuri wa dhahabu, na mihula minne kwa ule wa platinamu. Kijana aliyekua akizungumza Kiswahili anaweza kuingia chuoni akiwa na sehemu ya shahada yake mkononi, kwa lugha aliyofundishwa na bibi yake.

Kuzungumza si kuandika

Tahadhari moja inahitajika. Mitihani hiyo haipimi ufasaha wa mezani peke yake. Kijana aliyezaliwa kambini au aliyefika Marekani akiwa mdogo anaweza kumwelewa mama yake kwa kila neno, asiweze kuandika aya tatu zenye mpangilio. Isitoshe, Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi kina maneno na miundo yake, inayotofautiana na Kiswahili sanifu kinachotumiwa vitabuni na redioni. Kiswahili hicho hakina kasoro. Ni lugha kamili ya watu wake. Ila mtahiniwa anapaswa kuyafahamu matumizi yote mawili, na kujua kila moja linafaa wapi.

Maandalizi hayahitaji fedha nyingi. Kusoma habari kwa Kiswahili kila siku, kuwaandikia jamaa waliobaki nyumbani ujumbe kwa sentensi kamili, kuandika muhtasari wa mahubiri au wa taarifa ya redio: mambo hayo yakifanywa kwa mwaka mmoja hubadili kiwango cha mtu. Na kwa upande huu, kuacha lugha ni jambo linaloweza kutokea bila fomu yoyote kujazwa. Watoto wengi huacha Kiswahili polepole, wakijibu kwa Kiingereza wanapoulizwa kwa Kiswahili, mpaka siku wanapotaka kuzungumza na babu kwa simu wakajikuta hawana maneno.

Faida haiishii kwenye maombi ya chuo. Hospitali, mahakama na shule zinazohudumia jamii za Kikongo huhitaji wakalimani waliofunzwa. Vyuo vikuu kama Wisconsin-Madison, Indiana, Ohio University, Howard na Yale hufundisha Kiswahili, na mpango wa serikali ya Marekani wa ufadhili wa lugha muhimu umekuwa ukiwapeleka Wamarekani Tanzania kujifunza lugha hiyo. Taasisi ya serikali hiyo inayowafundisha wanadiplomasia hukadiria kwamba Mmarekani anahitaji takriban wiki 36 za masomo ya kutwa ili akimudu Kiswahili kikazi. Mtoto wa Kikongo anayo tayari hazina ambayo serikali inalipa ili wengine waipate.

Hatua kwa wakati wake

Uamuzi huu hufaa kufanywa hatua kwa hatua. Katika darasa la 9, familia inafaa kuhakikisha kwamba masomo ya awali yamewasilishwa na kwamba mtoto amepangiwa ngazi inayomfaa. Katika darasa la 10, fomu ya kuchagua masomo inapofika, ni vema kuandika majina ya vyuo vitatu au vinne vinavyofikiriwa na kuangalia mambo mawili kwa kila kimoja: kinadai nini ili mtu aingie, na kinadai nini ili mtu ahitimu. Darasa la 11 ndilo linalofaa zaidi kwa mtihani wa ujuzi wa lugha, ili matokeo yawepo kabla ya maombi kutumwa. Darasa la 12, anayeendelea na lugha huingia chuoni ikiwa bado mbichi kichwani.

Katika mazungumzo hayo yote, mzazi asiyejua Kiingereza hapaswi kubaki mtazamaji. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake, na kwa msingi huo mzazi anaweza kuiomba shule mkalimani. Si vizuri mtoto mwenyewe akageuzwa mkalimani katika kikao kinachoamua masomo yake, kwa kuwa atatafsiri yale anayotaka mzazi ayasikie.

Mwanafunzi anayekaribia mtihani wa AP, au anayelenga chuo kinachodai lugha ili mtu ahitimu, ana kila sababu ya kuendelea. Anayehitaji nafasi hiyo kwa hisabati au Kiingereza anaweza kuacha bila majuto, baada ya kuhakikisha sharti limetimia. Na yule aliyekuja na Kifaransa au Kiswahili kutoka nyumbani ana kazi ya kufanya kabla ya fomu ya maombi ya chuo kufungwa: kwenda kwa mshauri wa masomo na kuomba lugha hiyo ipimwe na iandikwe.